Hudson Silva, daktari aliyeliomba taifa macho

Kitenzi kutoa kina maana mbili ambazo nusura zipigane. Atoaye sadaka hupungukiwa kwa hiari yake, nasi humsifu. Atolewaye jino hupungukiwa kwa sababu hana budi, nasi humpa pole. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wapya kitenzi hiki wakichambue. Huandika, hucheka kidogo, kisha tukasonga mbele. Sikujua kwamba siku moja kitenzi hicho kingenishinda mimi mwenyewe, mbele ya wazee wa ukoo wetu, katika ushoroba wa hospitali. Hayo nitayaeleza baadaye. Kwanza yafaa nisimulie habari za mtu ambaye neno hilo halikumshinda, na ambaye kwa ajili hiyo maelfu ya vipofu wanaona.

Hudson Silva alizaliwa mwaka wa 1929 katika kisiwa cha Ceylon, ambacho wakati huo kilitawaliwa na Waingereza kama Kenya yetu. Kisiwa hicho kilijipatia uhuru mwaka wa 1948, na mwaka wa 1972 kikajiita Sri Lanka. Jina la Silva lisimpotoshe msomaji akadhani kwamba mtu huyu alikuwa mgeni kutoka Ulaya. Wareno walizitamalaki pwani za kisiwa hicho katika karne ya 16 na ya 17, enzi ile ile ambayo wenzao walianza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka wa 1593, na wakawaachia wenyeji wengi majina yao. Waliacha na maneno pia. Sisi tulichukua kwao meza na leso. Wasinhala nao wakachukua maneno hayo hayo, wakayatamka mesaya na lensuva. Bahari ya Hindi ni moja, na watu wake wameazimana mengi. Mintarafu ya macho, hata hivyo, kisiwa kile kimetuacha mbali sana.

Ili kuielewa kazi ya Silva, hatuna budi kukiangalia kile alichokuwa akikiomba. Mbele kabisa ya jicho kuna utando uitwao konea. Ni mwangavu kama maji, unene wake katikati ni nusu milimita hivi, na mwanga wote uingiao jichoni hupitia hapo kwanza. Hauna mishipa ya damu, na hiyo ndiyo sehemu moja ya siri ya uangavu wake. Ukichomwa na mwiba, ukikwaruzwa na kope zilizojikunja kwa ndani kutokana na trakoma, ukiliwa na kidonda cha kuvu, ukimong'onyoka mtoto anapougua surua ilhali mwili wake umepungukiwa na vitamini A, au ukitiwa dawa kali za kienyeji, hubaki na kovu jeupe. Wazee wetu waliliita kovu hilo chamba cha jicho. Fauka ya hayo, wapo vijana wanaopatwa na maradhi yanayoifanya konea iwe nyembamba na kuchongoka mithili ya pia, hata miwani ikafika mahali isiwafae tena.

Jambo la kusikitisha ni kwamba nyuma ya kovu hilo jicho laweza kuwa zima kabisa. Ni kama nyumba njema ambayo mtu amelipaka chokaa dirisha lake. Kovu likishakomaa, dawa ya matone haifui dafu. Dirisha lenyewe halina budi kubadilishwa. Na konea ya kubadilishia haifinyangwi kiwandani kama miwani. Aghalabu hutoka kwa mwanadamu aliyefariki dunia.

Maarifa ya upasuaji huo yalikuwapo kabla ya Silva. Mnamo Desemba 1905, katika mji wa Olomouc ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki, daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Konea hiyo ilitoka kwa mvulana wa miaka 11 ambaye jicho lake lilikuwa limejeruhiwa vibaya hata likalazimika kuondolewa. Katika miaka ya 1930, Vladimir Filatov wa Odessa, nchini Ukraine, alithibitisha kwamba konea za wafu zikihifadhiwa katika baridi hufaa vilevile, kwa hivyo haikuwa lazima tena kungojea mtu aliye hai apoteze jicho. Mwaka wa 1944 Richard Townley Paton akaanzisha benki ya macho mjini New York. Basi njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Lakini ilikuwa njia ya mataifa yenye mali, na wengi waliamini kwamba nchi maskini haingeweza kuipita isipokuwa kwa kubebwa mgongoni.

Ceylon ya miaka ya 1950 ilikuwa na madaktari waliojua kupasua macho. Kilichokosekana ni konea. Silva, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30 na aliyekuwa angali mwanzoni mwa safari ya utabibu, aliona vipofu wakirudishwa makwao si kwa kukosa mganga bali kwa kukosa utando wa nusu milimita ambao kila siku ulikuwa ukizikwa au kuchomwa moto pamoja na maiti. Mtu mwingine angeandika barua wizarani au angewaomba wafadhili wa ng'ambo. Silva aliwaandikia watu wa kawaida. Mnamo Januari 1958 alichapisha makala katika Lankadeepa, gazeti la Kisinhala, akiwasihi wasomaji waahidi kuyatoa macho yao watakapokufa ili jicho lililokufa la mtu mwingine lipate uhai.

Naomba walimu wenzangu watue hapa kidogo, maana ndipo ulipo moyo wa kisa hiki. Utabibu wa kisiwa hicho, kama wetu hadi leo, ulikuwa ukifundishwa na kuandikwa kwa Kiingereza. Suala la lugha lilikuwa limewasha moto nchini. Sheria ya mwaka 1956 ilikifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi ya pekee, jambo lililowaumiza Watamil na kuacha jeraha ambalo baadaye lilizaa vita. Sikusudii kuisifu sheria hiyo. Nasema tu kwamba daktari kijana aliyetaka kuheshimiwa na wakubwa wake angeandika kwa Kiingereza katika jarida la madaktari, nayo makala yake ingesomwa na watu ambao tayari walijua konea ni nini. Silva alichagua lugha ambayo bibi kizee wa kijijini angesomewa na mjukuu wake, akaelewa, akauliza maswali na kutoa uamuzi. Kabla ya jokofu, kabla ya chupa na makasi, benki yake ya macho ilikuwa imejengwa kwa maneno.

Maneno hayo yalipata udongo wenye rutuba. Wengi wa Wasinhala ni Wabudha, na miongoni mwa hadithi wanazosimuliwa tangu utotoni ni ile ya mfalme Sivi, ambaye katika imani yao ni Budha mwenyewe katika mojawapo ya maisha yake ya kale. Mfalme huyo aliapa kutomnyima mwombaji chochote. Mzee kipofu alipomjia kumwomba jicho, alimpa yote mawili. Silva aliwaonyesha watu wake kwamba jambo ambalo hadithi ililifanya kuwa muujiza wa mfalme sasa lingeweza kufanywa na mkulima au mchuuzi, tena bila maumivu, kwa kuwa aombwaye atakuwa hana haja nalo tena. Msomaji asiniambie kwamba ni rahisi kwa Wabudha. Hadithi ya Sivi ilikuwa imesimuliwa kwa karne nyingi kabla ya mwaka wa 1958, na konea ziliendelea kuzikwa. Imani ilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kuomba.

Hata hivyo, aombaye wengine hupimwa siku msiba unapobisha hodi kwake. Miaka miwili hivi baada ya makala ile, mamake Silva alifariki dunia. Mwana aliyewasihi wenziwe watoe macho ya wazazi wao alikuwa sasa amesimama mbele ya mwili wa mzazi wake mwenyewe. Hakusita. Konea za mama huyo zilipandikizwa katika macho ya mkulima maskini, naye akaona. Habari hiyo ilienea, na watu walioisoma makala kwa shaka wakaanza kuleta ahadi zao. Sidhani kuna hotuba ambayo ingefanya kazi ya tendo hilo moja.

Mwaka wa 1961 Silva aliunda rasmi Chama cha Utoaji Macho cha Sri Lanka. Lisikudanganye neno chama, msomaji, ukafikiria jumba la ghorofa na magari ya kifahari. Macho ya kwanza yaliwekwa katika jokofu la nyumbani kwake, na mkewe alikuwa bega kwa bega naye katika kazi hiyo. Kilichomtofautisha na watu wengine wenye nia njema ni kwamba aliigeuza nia kuwa utaratibu. Aliyekubali kutoa alijaza fomu akiwa hai, akawajulisha jamaa zake. Matawi yalienea mikoani, na waliojitolea walifunzwa la kufanya mwenye ahadi anapofariki. Kazi hii haingoji matanga yaishe, maana jicho linatakiwa kuchukuliwa katika saa chache tu baada ya kifo. Macho ya marehemu hufumbwa na uso wake hausawijiki, hata waombolezaji hawatambui kilichofanyika. Damu hupimwa ili mpokeaji asirithi maradhi. Si lazima mtoaji awe kijana, wala aliyevaa miwani au aliyekuwa na mtoto wa jicho hakatazwi, kwa sababu kasoro hizo haziko kwenye konea inayopandikizwa.

Utaratibu huo ulifaulu hata macho yakazidi mahitaji ya kisiwa. Mwaka wa 1964 konea za kwanza zilipelekwa ng'ambo, zikibebwa kwa mkono hadi Singapore katika chombo kilichojazwa barafu. Siku hizo jicho lililohifadhiwa kwa baridi lilidumu siku moja au mbili tu, kwa hivyo kila safari ilikuwa mbio dhidi ya saa. Katika miaka ya 1970 yalipatikana maji maalumu ya kuhifadhia konea kwa siku nne hivi, na baadaye mengine ya kuihifadhi hadi majuma mawili, na hapo milango ya nchi za mbali ikafunguka. Kisiwa kilichozoea kupokea misaada kikawa mtoaji. Pakistan, Misri, Japani na mataifa mengine mengi yalipokea macho ya wakulima na walimu wa Sri Lanka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mwaka wa 1983 na havikwisha hadi mwaka wa 2009, lakini hata katika miaka hiyo ya damu konea ziliendelea kusafiri.

Wakubwa nao hawakujitenga. J. R. Jayewardene, aliyekuwa rais wa nchi hiyo, alifariki mwaka wa 1996 akiwa ametoa macho yake, na konea moja ikapelekwa Japani, nchi aliyoitetea katika mkutano wa amani wa San Francisco mwaka wa 1951. Silva mwenyewe aliaga dunia mwaka wa 1999. Kazi yake haikuzikwa naye, na hicho ndicho kipimo cha mjenzi wa kweli. Kufikia mwaka wa 2012, konea zipatazo 60,000 zilikuwa zimetolewa kupitia chama alichokianzisha, na watu wapatao 900,000 walikuwa wamejiandikisha kutoa macho yao watakapokufa.

Sasa nirejee kwenye ule ushoroba.

Babangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi. Alifariki hospitalini alfajiri moja, tukiwa tumekusanyika jamaa kadhaa. Kabla jua halijapanda, daktari kijana alitujia kwa adabu kubwa, akatupa pole, kisha akanieleza kwa Kiingereza ombi la konea. Alieleza vizuri, na mimi nilielewa kila neno. Akaniomba niwafasirie wazee. Hapo mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika lugha, niligeuka nikasema kwamba daktari anaomba kutoa macho ya marehemu.

Nilipolitamka neno lile nilijua kwamba nimekosea. Wazee hawakusikia sadaka, walisikia kung'olewa. Shangazi alijifunika uso kwa leso, akaondoka. Baba mdogo aliuliza kwa upole kakake angewatambuaje waliomtangulia huko aendako ikiwa amepelekwa kipofu. Ningeweza kusahihisha. Ningeweza kusema kwamba ni utando mwembamba tu, kwamba uso wake hautaguswa, kwamba mwalimu huyu aliyewapa watoto wa wenyewe macho ya kusomea anaombwa awape mara moja zaidi. Nilinyamaza. Daktari alitushukuru, akaenda zake. Babangu alizikwa na konea zake mbili, na sijui angesema nini, kwa sababu katika maisha yake yote hapana aliyemuuliza, wala mimi mwanawe sikumuuliza.

Muhula uliofuata, mwanafunzi wangu mmoja alikuja ofisini kuniomba ruhusa ya kuahirisha mtihani. Konea zake zilikuwa zimechongoka, na hakuweza tena kusoma maandishi ubaoni hata akikaa safu ya mbele. Alikuwa ameambiwa angoje hadi konea itakapopatikana kutoka ng'ambo. Alingoja miezi kadhaa. Nilimpa ruhusa, nikamtakia heri, lakini sikumwambia kwamba majuma machache yaliyotangulia nilikuwa nimezipeleka konea mbili kaburini kwa kukosea kitenzi.

Shida ya kijana huyo si yake peke yake. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka wa 2016, ukitumia takwimu za mwaka wa 2012 na 2013, ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 duniani walikuwa wakingojea konea, na kwamba ilipatikana konea 1 tu kwa kila watu 70 walioihitaji. Nchi mbili zilitajwa kuwa ndizo zinazowapelekea wengine kwa wingi zaidi: Marekani, taifa tajiri kupindukia, na Sri Lanka. Waama, Sri Lanka haikufika hapo kwa utajiri. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kutoa ni moyo, tusidhani ni utajiri. Sisi tunayo methali. Wao walijenga utaratibu.

Wala tusiisingizie sheria. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu mwenye akili timamu kutoa viungo vyake vitumike baada ya kifo chake, kwa wasia, kwa hati iliyotiwa sahihi naye pamoja na mashahidi wawili, au hata kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili. Madaktari wa kupandikiza konea tunao. Tunachokosa ni mazungumzo, na mazungumzo hayo hayawezi kuanzia mlangoni mwa chumba cha maiti. Silva alilijua hilo. Aliwaomba walio hai, wenye utulivu, wakiwa na gazeti mkononi na wakati wa kufikiri. Sisi huwaomba waliofiwa, katika saa chungu kuliko zote, tena kwa lugha ya kukopa.

Najua wapo watakaosema kwamba mila na dini zetu zinakataza. Waulizwe wazee na viongozi wa dini, kila mmoja katika lugha yake, na majibu yao yaheshimiwe. Ila nao wajibu na swali la pili: je, mwanao akipata chamba cha jicho, utaikataa konea iliyotoka kwa maiti wa ng'ambo? Sijaona mzazi aliyeikataa. Na mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Walimu wa Kiswahili na wa sayansi wanaweza kuianza kazi hii pamoja. Mwalimu wa biolojia afundishapo jicho asiishie kuchora mchoro na kutaja sehemu zake. Aeleze kwamba sehemu moja yaweza kuishi baada ya mwenyewe. Mwalimu wa Kiswahili naye awape wanafunzi insha ya kumwomba nyanya au babu ahadi hiyo, kwa maneno ambayo mzee huyo hatayaogopa. Wakati huo tutajua ikiwa yafaa kusema kutoa, kutunuku, kuachia au kurithisha. Mimi naegemea kurithisha, kwani kila mzee wa Kiafrika anajua maana yake, na hapana anayedhani kwamba urithi ni kunyang'anywa.

Juma lililopita niliwaita mke wangu na baba mdogo, yule yule aliyeuliza swali ushorobani. Nikawaambia, mbele ya wanangu, kwamba nitakapokufa nawarithisha nisiowajua konea zangu mbili, na wao wawili ndio mashahidi wangu. Baba mdogo alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama umri wa miaka 80 umepita kiasi. Nilimjibu kwamba daktari ndiye atakayeamua, ila yeye aseme tu.